Wamormoni: nani mrithi wa watangulizi?

Makundi madogo ya Wamormoni yanayoendeleza ndoa za mitala nchini Marekani yanadai kuwa ndiyo pekee yaliyobakia katika njia ya waasisi wa karne ya 19. Kanisa kubwa la Wamormoni linalikanusha dai hilo. Kwa wakaazi wa miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, wakiwemo wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, ubishi huo hauko mbali kama unavyoonekana.

Tarehe 9 Januari mwaka 2000, Gordon B. Hinckley, aliyekuwa wakati huo rais wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, aliweka wakfu hekalu jipya katika mji wa Oakdale, mashariki ya Saint Paul, jimboni Minnesota. Waumini wa kanisa hilo, wanaojulikana zaidi kwa jina la Wamormoni, huishi mijini na vitongojini kama majirani zao. Mwanamume ana mke mmoja, na muumini anayeoa mke wa pili hutengwa na kanisa.

Mnamo mwaka 2018, kampuni inayohusishwa na Seth Jeffs ilinunua ekari 40 za msitu karibu na Grand Marais, mji mdogo ulio kwenye ufuo wa Ziwa Superior, katika jimbo hilo hilo la Minnesota. Seth Jeffs ni ndugu wa Warren Jeffs, kiongozi wa kundi liitwalo Kanisa la Kimsingi la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kwa kifupi FLDS. Warren Jeffs anatumikia kifungo cha maisha huko Texas kwa kuwanajisi wasichana wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 15, aliodai kuwa ni wake zake. Habari za ununuzi huo zilipofahamika, wakaazi wa eneo hilo waliingiwa na wasiwasi. Majina ya makanisa hayo mawili yanakaribia kuwa jina moja. Je, watu hawa ni wamoja na wale wa Oakdale?

Jibu fupi ni hapana. Hata hivyo swali la pili, ambalo ni gumu zaidi, hubaki: ni nani kati yao anayefanana na wale watangulizi waliovuka nyika za Marekani chini ya Brigham Young? Pande zote mbili humwita Joseph Smith nabii wao, na zote husimulia safari ya mwaka 1847 kama historia ya mababu zao.

Kutoka New York hadi bonde la chumvi

Joseph Smith alizaliwa mwaka 1805 katika familia ya wakulima. Mwaka 1830 alichapisha Kitabu cha Mormoni, ambacho alisema amekitafsiri kutoka katika mabamba ya dhahabu kwa uwezo wa Mungu, na tarehe 6 Aprili mwaka huo alianzisha kanisa katika jimbo la New York. Wafuasi wake walihama mara kwa mara, kwanza Ohio, kisha Missouri, na kila mahali walikosana na majirani. Walipiga kura kwa pamoja, walinunua ardhi kwa pamoja na walimtii mtu mmoja, mambo yaliyowatia hofu wenyeji. Mwezi Oktoba mwaka 1838, Gavana wa Missouri Lilburn Boggs alitoa amri kwamba Wamormoni wachukuliwe kuwa maadui, waangamizwe au wafukuzwe katika jimbo lake. Amri hiyo haikufutwa rasmi hadi mwaka 1976.

Waliofukuzwa walijenga mji wa Nauvoo, kwenye ukingo wa mto Mississippi katika jimbo la Illinois. Ni hapo ambapo Joseph Smith alifundisha faraghani ndoa ya wake wengi. Ufunuo wake juu ya jambo hilo uliandikwa mwezi Julai mwaka 1843. Mwezi Juni mwaka 1844, wapinzani wake, baadhi yao wakiwa waumini wake wa zamani, walichapisha gazeti lililoifichua siri hiyo. Baraza la mji, likiongozwa na Smith mwenyewe, liliamuru mtambo wa gazeti uvunjwe. Smith alitiwa jela katika mji wa Carthage, na tarehe 27 Juni kundi la watu wenye silaha lilivamia jela hiyo na kumuua pamoja na kaka yake Hyrum.

Kifo hicho kilizusha swali ambalo Wamormoni hawajaacha kuulizana: nani mrithi? Wengi walimfuata Brigham Young. Mwezi Februari mwaka 1846 walianza kuvuka mto Mississippi wakielekea magharibi, na tarehe 24 Julai mwaka 1847 Young aliingia katika bonde la Ziwa la Chumvi, eneo ambalo leo ni jimbo la Utah. Hadi reli ilipokamilika mwaka 1869, watu wapatao 70,000 walikuwa wamefanya safari hiyo kwa magari ya kukokotwa na maksai, kwa miguu, na kuanzia mwaka 1856 hata kwa mikokoteni waliyoivuta wenyewe. Katika misafara miwili ya mikokoteni iliyochelewa kuondoka mwaka 1856, zaidi ya watu 200 walikufa kwa baridi na njaa.

Waliokuja Minnesota

Si wote waliokwenda Utah, na hapa ndipo historia ya Minnesota inapoingia. Mto Mississippi, unaopita kati ya Minneapolis na Saint Paul, ndio huo huo unaoteremka hadi Nauvoo. Kuanzia mwaka 1841 Wamormoni walikuwa wakikata misonobari katika misitu ya Wisconsin na kuielea mtoni hadi Nauvoo ili kujenga hekalu lao. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo mwanzoni alikuwa mjenzi mmoja aitwaye Alpheus Cutler.

Baada ya kifo cha Smith, Cutler alikosana na viongozi wa Utah na kuanzisha kundi lake katika jimbo la Iowa. Alifariki mwaka 1864, na mwaka uliofuata wafuasi wake walielekea kaskazini hadi Clitherall, katika wilaya ya Otter Tail, kaskazini magharibi ya Minneapolis. Makazi yao yalikuwa ya mwanzo ya walowezi wa kizungu katika wilaya hiyo. Walijaribu kuishi kwa mali ya shirika, kama Joseph Smith alivyofundisha tangu mwaka 1831, lakini waliikataa ndoa ya wake wengi. Baadaye wengi walijiunga na matawi mengine ya Umormoni au walihamia Missouri, na kundi lenyewe likabakia dogo mno.

Kisa cha Clitherall kina funzo kwa mjadala wa leo. Watu hao nao walikuwa watangulizi, tena wengine wao walimfahamu Joseph Smith ana kwa ana. Nao waliamini kuwa wameuhifadhi urithi wake halisi. Hata hivyo urithi waliouhifadhi haukuwa na mitala ndani yake. Kwa hiyo anayesema kwamba Wamormoni wa kwanza waliishi hivi au vile hana budi kueleza ni wepi anaowakusudia.

Sheria yapambana na mitala

Huko Utah, mbali na serikali, viongozi waliitangaza ndoa ya mitala hadharani mwezi Agosti mwaka 1852. Kufikia mwaka 1870, kati ya asilimia 25 na 30 ya wakaazi waliishi katika familia za aina hiyo. Wanaume wengi wenye mitala walikuwa na wake wawili. Viongozi walikuwa na zaidi, na Brigham Young mwenyewe alifunga ndoa na wanawake wapatao 55.

Bunge la Marekani lilipiga marufuku mitala katika maeneo yaliyokuwa chini ya serikali kuu mwaka 1862, wakati wa Rais Abraham Lincoln. Wamormoni walisema kuwa katiba inawalinda kwa vile mitala ni sehemu ya dini yao. George Reynolds, aliyekuwa katibu wa Brigham Young, alishtakiwa ili jambo hilo lipatiwe hukumu, na mwaka 1879 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi yake. Majaji walisema kuwa sheria haiwezi kuingilia imani ya mtu, lakini inaweza kuingilia matendo yake. Katika hoja zao walieleza pia kwamba mitala ilikuwa ikichukiwa na mataifa ya kaskazini na magharibi ya Ulaya, na kwamba ilikuwa karibu desturi ya watu wa Asia na Afrika peke yao. Maneno hayo yangali katika kumbukumbu za mahakama hiyo.

Msako uliofuata ulikuwa mkali. Zaidi ya wanaume 1,000 walifungwa, wengine walijificha, na kwa sheria ya mwaka 1887 serikali ilianza kutaifisha mali za kanisa. Tarehe 25 Septemba mwaka 1890, rais wa kanisa Wilford Woodruff alitoa tamko la kuwashauri waumini wasifunge tena ndoa zinazokatazwa na sheria. Utah ilikubaliwa kuwa jimbo mwaka 1896, na mwaka 1904 kanisa lilitangaza kuwa atakayefunga ndoa ya mitala atatengwa.

Kwa walio wengi, huo ulikuwa mwisho wa jambo. Kwa wachache, ulikuwa usaliti. Wanadai kuwa mwaka 1886 rais wa kanisa wa wakati huo, John Taylor, akiwa mafichoni, alipokea ufunuo kwamba ndoa hiyo isikomeshwe kamwe. Juu ya dai hilo ndipo makundi mengi ya Wamormoni wa msimamo wa kimsingi yalipojengwa.

Short Creek

Kundi lililokuja kujulikana zaidi lilijikusanya Short Creek, mahali pakavu kwenye mpaka wa Utah na Arizona, ambapo leo pana miji ya Hildale na Colorado City. Mwaka 1942 liliweka ardhi na nyumba zake zote katika mfuko mmoja wa amana. Tarehe 26 Julai mwaka 1953, polisi wa Arizona waliwavamia wakaazi na kuwachukua watoto 263. Picha za watoto wakitenganishwa na mama zao ziliwachukiza Wamarekani wengi, na Gavana Howard Pyle, aliyeamuru operesheni hiyo, alishindwa katika uchaguzi uliofuata. Kwa miaka mingi baadaye hakuna mwanasiasa aliyetaka kuligusa suala hilo.

Kimya hicho kiliwapa viongozi wa kundi uwezo mkubwa. Rulon Jeffs alipofariki mwaka 2002, mwanawe Warren alichukua uongozi. Aliwafukuza wanaume waliomtilia shaka na kuwagawa wake na watoto wao kwa wanaume wengine. Alitiwa mbaroni mwezi Agosti mwaka 2006 karibu na Las Vegas. Mwezi Aprili mwaka 2008, maafisa wa Texas walivamia makazi ya kundi lake karibu na Eldorado na kuwachukua watoto zaidi ya 400. Mahakama ya juu ya jimbo hilo iliamuru warejeshwe, ikisema kuwa haikuthibitishwa kwamba wote walikuwa hatarini. Lakini nyaraka na kanda za sauti zilizopatikana humo ndizo zilizomtia hatiani Jeffs mwaka 2011.

Ni vyema kukumbuka kuwa si Wamormoni wote wa msimamo wa kimsingi walio chini ya Jeffs. Yapo makundi mengine, na familia zinazojitegemea, ambazo wake wake wote waliolewa wakiwa watu wazima na ambazo zinamlaani Jeffs kama watu wengine wanavyomlaani.

Yanayofanana

Wanaodai kuwa warithi wa watangulizi wana hoja zenye uzito. Mitala waliyonayo ilifundishwa na Joseph Smith na kutetewa na Brigham Young kwa miaka 25. Mwaka 2014 kanisa lenyewe lilikiri katika maelezo yake kuwa Smith alifunga ndoa na wanawake wanaokadiriwa kuwa kati ya 30 na 40, na kwamba mmoja wao alikuwa bado hajatimiza miaka 15. Mali ya shirika nayo si jambo jipya. Brigham Young alianzisha vyama vya ushirika katika miji mingi mwaka 1874, na katika mji wa Orderville watu walikula mezani pamoja na kuvaa nguo zilizoshonwa katika karakana moja.

Utii kwa mtu mmoja pia ni wa tangu mwanzo, na matokeo yake hayakuwa mema siku zote. Mtambo wa gazeti la Nauvoo ulivunjwa kwa sababu hiyo. Tarehe 11 Septemba mwaka 1857, huko Mountain Meadows kusini mwa Utah, wanamgambo wa Kimormoni waliwaua wasafiri wapatao 120, wanawake na watoto wakiwa miongoni mwao, baada ya kuwaahidi usalama. Kwa hiyo anayewasifu watangulizi na kuwalaumu Wamormoni wa Short Creek peke yao hajasimulia habari yote.

Yanayotofautiana

Pamoja na hayo, kuna tofauti iliyo kubwa kuliko mfanano wote huo, nayo ni ya mlango. Jamii ya watangulizi ilikuwa na mlango wazi wa kuingilia, na kwa kiasi kikubwa, wa kutokea. Ile ya Warren Jeffs iliifunga yote miwili.

Wamormoni wa karne ya 19 walituma wamisionari hadi Uingereza na Denmark, na kuanzia mwaka 1849 walikuwa na mfuko wa kuwakopesha nauli waongofu maskini. Kila mwaka wageni wapya waliwasili. Kundi la Jeffs halikuhubiri kwa watu wa nje. Lilikua kwa kuzaa tu, na hapo hesabu yenyewe iliumba dhuluma. Katika jamii iliyofungwa, wavulana na wasichana huzaliwa kwa idadi inayokaribiana. Mwanamume mmoja akioa wanawake 20, wanaume 19 watabaki bila wake. Ili mpango huo udumu, wavulana lazima wapunguzwe na wasichana waolewe mapema. Ndivyo ilivyotokea: mamia ya vijana wa kiume walifukuzwa au kusukumwa waondoke, wengine kwa makosa kama kusikiliza muziki au kuzungumza na msichana. Waliachwa katika miji ya jirani bila elimu ya kutosha wala jamaa wa kuwapokea.

Watangulizi hawakuwa huru kabisa na tatizo hilo. Katika miaka ya 1856 na 1857, wimbi la mahubiri ya toba lilileta ndoa nyingi za haraka, na umri wa maharusi ulishuka. Lakini wimbi hilo lilipopita hali ilitulia, kwani wahamiaji waliendelea kuja na ardhi ilikuwa tele.

Tofauti ya pili ni ya mwanamke. Brigham Young alitoa talaka zaidi ya 1,600 katika uongozi wake, nyingi zikiwa za wanawake waliotaka kuziacha ndoa za mitala. Mwezi Februari mwaka 1870, wanawake wa Utah walipewa haki ya kupiga kura, nusu karne kabla ya wanawake wa Marekani nzima. Cha kushangaza ni kwamba aliyewapokonya haki hiyo mwaka 1887 ni bunge la Marekani, katika sheria ile ile ya kupambana na mitala. Waliirudishiwa mwaka 1896, na mwaka huo huo Martha Hughes Cannon, daktari aliyesomea Michigan na ambaye mwenyewe alikuwa mke wa nne, alichaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika seneti ya jimbo lolote nchini Marekani. Mmoja wa wagombea aliowashinda alikuwa mume wake. Mwanamke wa namna hiyo asingepata nafasi chini ya Warren Jeffs. Chini yake, kiongozi ndiye aliyeamua nani aolewe na nani, na siku gani.

Tofauti ya tatu ni elimu na ulimwengu wa nje. Watangulizi walianzisha chuo kikuu mwaka 1850, miaka mitatu tu baada ya kufika jangwani. Young alichukua kandarasi ya kujenga sehemu ya reli, ingawa alijua kuwa reli italeta wageni wasio waumini. Huko Short Creek, mwaka 2000 wazazi waliamriwa kuwatoa watoto wao katika shule za serikali. Baadaye televisheni, vitabu vya nje na hata rangi nyekundu vilipigwa marufuku.

Mavazi yenyewe yanaonyesha jinsi mfanano wa nje unavyoweza kupotosha. Magauni marefu ya wanawake wa FLDS huwakumbusha watazamaji picha za karne ya 19. Lakini wanawake wa Utah ya zamani walivaa kama Wamarekani wengine wa siku zao, hata Brigham Young akalalamika hadharani kuwa wanapenda mno mitindo ya mijini. Vazi la watangulizi lilikuwa vazi la wakati wao. Kwa warithi wao wa Short Creek, vazi hilo limekuwa ukuta.

Suala la mtu mweusi

Kwa msikilizaji wa Kiafrika, kuna jambo jingine linalolipima dai la kurudi katika asili. Mwaka 1836, wakati wa Joseph Smith, mtu mweusi aitwaye Elijah Abel alipewa ukuhani. Ni Brigham Young aliyetangaza mwaka 1852 kuwa watu weusi hawawezi kuupata. Katazo hilo lilidumu hadi mwezi Juni mwaka 1978, lilipoondolewa na rais wa kanisa Spencer W. Kimball, na mwaka 2013 kanisa lilizikana waziwazi nadharia zilizotumiwa kulihalalisha.

Makundi ya msimamo wa kimsingi yaliyaona mabadiliko ya mwaka 1978 kuwa upotovu mwingine, sawa na ule wa mwaka 1890, na Warren Jeffs alihubiri maneno ya wazi ya kuwadharau watu weusi. Hivyo, katika jambo hili, waliojiita walinzi wa asili walilinda kilichoongezwa baada ya asili. Kwa upande wa kanisa kubwa, matunda ya uamuzi wa mwaka 1978 yanaonekana Afrika: lilitambuliwa rasmi nchini Kenya mwaka 1991, na mahekalu yake yamewekwa wakfu Kinshasa mwaka 2019 na Nairobi mwaka 2025. Kitabu cha Mormoni chenyewe kinasomwa leo kwa Kiswahili.

Sheria iliyobaki

Vita vya zamani kati ya serikali ya Marekani na Wamormoni vimeacha alama ambayo Mswahili anayehamia Minnesota huikuta mezani. Mwaka 1891, miezi michache tu baada ya tamko la Woodruff, bunge la Marekani lilipitisha sheria ya uhamiaji iliyowazuia wenye mitala kuingia nchini. Waliolengwa hasa walikuwa waongofu wa Kimormoni kutoka Ulaya. Sheria hiyo imebadilishwa mara kadhaa, lakini kiini chake kingalipo: anayekwenda Marekani kwa nia ya kuishi katika ndoa ya mitala hawezi kupewa ruhusa ya ukaazi, na fomu ya kuomba uraia humwuliza mwombaji kama amewahi kuwa na ndoa zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Sheria ya ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za mitala, na ile ya Kenya ya mwaka 2014 pia. Mtu aliyeoa wake wawili Tanga au Mombasa kwa mujibu wa sheria za nchi yake hukuta kuwa Minneapolis inamtambua mmoja tu, na kwamba kumficha wa pili kwenye fomu ni kosa linaloweza kumgharimu kila kitu. Watu wengi wanaokutana na swali hilo hudhani kuwa liliandikwa kwa ajili ya Waislamu au Waafrika. Asili yake ni mgogoro wa Wazungu kwa Wazungu, katika jangwa la Utah, ingawa majaji wa mwaka 1879 hawakusita kuwataja Waafrika katika kutoa hoja yao.

Jamii za Wasomali wa Cedar-Riverside mjini Minneapolis, na za Wakenya waliojikita Brooklyn Park, zinafahamu pia uchungu mwingine wanaoupata waumini wa Oakdale: ule wa kuhukumiwa kwa matendo ya kundi dogo linalotumia jina lenu. Samaki mmoja akioza, wahenga walisema, wote wameoza. Ni methali inayoeleza jinsi watu wanavyofikiri, na mahakama haiwezi kuifuata.

Dalili zinaonyesha kuwa sheria yenyewe imeanza kutenganisha mambo yaliyokuwa yamechanganywa. Mwaka 2020 jimbo la Utah lilipunguza adhabu ya mitala kwa watu wazima walioridhiana hadi kosa dogo la faini, huku likiacha adhabu kali pale penye ulaghai, vitisho au mtoto. Mwaka huo huo Minnesota, ambako kuwa na ndoa mbili kungali kosa la jinai, ilipiga marufuku kabisa ndoa ya mtu aliye chini ya miaka 18, bila kujali idhini ya wazazi. Na mwezi Desemba mwaka 2024 Samuel Bateman, aliyejitangaza nabii wa tawi dogo lililojitenga na kundi la Jeffs na kudai wake zaidi ya 20, wakiwemo wasichana wadogo, alihukumiwa na mahakama ya Arizona kifungo cha miaka 50.

Huko Hildale kwenyewe, mahakama iliuchukua mfuko wa amana mwaka 2005, na nyumba nyingi zimerudishwa kwa waliozijenga, wengi wao wakiwa watu waliowahi kufukuzwa. Mwezi Novemba mwaka 2017, wapiga kura walimchagua Donia Jessop, mwanamke aliyelihama kundi hilo, kuwa meya. Katika mji ambao wanawake walipangiwa waume, mwanamke alichaguliwa kwa kura, kama alivyochaguliwa Martha Hughes Cannon mwaka 1896. Huenda urithi wa watangulizi ulipatikana hapo kuliko katika magauni marefu.